Tope la Guka Mbugua

Niaje, nyinyi wadogo wa ploti ya pili. Nasikia mnajengewa mtambo wa kusafisha maji kama ule wetu, na kwamba Jumamosi mtakuwa mkisaidia kuuendesha. Mmenitumia ujumbe mkiuliza mambo mawili: kazi yenyewe iko aje, na mtambo ukikamilika uwe wa nani. Nitawajibu kama mzee mstaafu. Ndiyo, nimestaafu. Niko Form Four, ndevu bado zinafikiria kama zitakuja, lakini kazi yangu ya karibu miaka mitatu imeisha. Wengine wakistaafu hupewa saa ya ukutani na keki. Mimi nilichekwa na ploti nzima, wakubwa kwa watoto, na siku hiyo ndiyo siku pekee maishani mwangu ambayo sikuwa nafanya mzaha.

Wacha nianze na kazi, kwa sababu hiyo ndiyo rahisi.

Hapa Mwihoko maji ya mfereji huja siku yakijisikia. Kwa hivyo maji mliyooga nayo na ya kufulia nguo hayamwagwi. Yanapita kwa wavu wa kushika nywele (nywele za watu, mtashangaa, mtafikiri kuna kinyozi ndani ya bomba), yanaingia kwa tangi la kwanza ambalo pampu inapulizia hewa mchana na usiku. Humo ndani kuna wadudu wadogo sana, huwezi kuwaona, wanaokula sabuni na uchafu. Kutoka hapo maji yanaenda tangi la pili, yanatulia, tope linashuka chini, maji yaliyo juu yanapita kwa mchanga. Yakitoka ni ya kuflashi choo na kuosha ngazi. Si ya kunywa. Kuna mtu atawaambia mwonje. Mwambieni aanze yeye.

Aliyenifundisha haya anaitwa Guka Mbugua. Guka ni babu kwa Kikuyu; si babu yangu wa damu, ila ploti yote ilimwita hivyo, hata watu wenye umri wa kuwa na wajukuu. Alikuwa amefanya kazi Thika, kwa kiwanda cha nguo, huko nyuma kwa mabwawa ya maji machafu. Alikuwa akiangalia bwawa asubuhi anajua leo wanatia shuka rangi gani. Alipostaafu, watu wa mradi fulani wakatujengea huu mtambo wetu wakampa auendeshe. Kisha mradi ukaisha, wakaenda na koti zao za kung'aa, na mtambo ukabaki bila mwenyewe. Guka alibaki nao. Nyumba yake ilikuwa Landless, upande wa Thika, alikokuwa akiishi binti yake, lakini yeye alilala kwa chumba kidogo kando ya pampu kwa sababu, alisema, pampu ikinyamaza lazima awe wa kwanza kusikia.

Mimi niliajiriwa kama adhabu. Nilikuwa Form One, nikasimama uani siku ya kufua nikapiga nduru kwamba mamba ameingia ndani ya tangi. Mama wa orofa ya tatu alishuka na taulo peke yake. Mathe, yaani mamangu, akanishika sikio akanipeleka kwa Guka.

"Mzee, chukua huyu. Mfanyishe kazi yoyote, bora arudi akiwa hai."

"Na akirudi nusu?" Guka akauliza.

"Ibaki ile nusu inayofua nguo."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Na hata hapo sikuacha. Kuna wakati nilitia rangi nyekundu ya keki kwa maji ya choo, ploti ikaamka ikifikiri kuna mtu amechinjwa kwa bomba. Guka alinitetea kwa Mama Shiru, mwenye ploti, akamwambia ni kutu. Baadaye akanipa ndoo na kuniambia, "Kariuki, siku moja utasema ukweli na hautakuwa na pa kukaa." Wengine wote waliniita Karis. Yeye aliniita jina langu lote kama mwalimu anayesoma rejista.

Alinifundisha kwa pua. Tangi la hewa likiwa sawa linanuka kama udongo uliolowa na mvua ya kwanza. Likinuka mayai yaliyooza, wadudu wanakosa hewa, kimbilia pampu. Povu la rangi ya kahawa ni sawa. Povu jeupe ambalo linapanda kama maziwa jikoni, hapo wadudu wamepungua na sabuni imewashinda. Kila asubuhi alichota maji kwa chupa ya asali, akaiweka dirishani, akangoja muda wa kunywa chai. Tope likishuka na juu pabaki paangavu, anaguna. Kuguna kwake ndiyo ilikuwa ripoti.

Krismasi ndiyo ilikuwa kibarua. Watu wakienda ushago, kwao mashambani, hakuna anayeoga, na wadudu hawajui kufunga. Guka alikuwa akiwapikia uji mwepesi, anaupoza, anawamwagia.

"Na sukari?" nikamuuliza.

"Waharibike meno?"

Sasa sikilizeni hili, ndilo kubwa. Lile tope la tangi la pili linarudishwa kwa tangi la kwanza kila asubuhi. Likizidi unapunguza: Ijumaa asubuhi unafungua koki ya chini, unatoa ndoo mbili hivi, unafunga. Siku ya kwanza kabisa Guka alinieleza kwa nini. Mimi nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimeamua kwamba tope hilo ni choo cha wadudu, na nilikuwa natengeneza utani kuhusu wadudu kupanga foleni. Aliongea, nikacheka, akamaliza kuongea. Miaka karibu mitatu nikabeba lile tope kwa ndoo bila kujua kwamba tope ndilo wadudu wenyewe. Ndio wao. Hakuna wengine: maji huwasomba hadi tangi la pili, na tope lisiporudi asubuhi, la kwanza linabaki tupu.

Mwaka jana pampu ilianza kuchoka, na ikabidi iamuliwe mtambo ni wa nani, maana hakuna anayetengeneza kitu kisicho na mwenyewe. Jumapili baada ya kanisa Guka alikuwa akikaa nje ya chumba chake na wapangaji wanakuja kubishana. Mimi nilisikia yote, kwa hivyo swali lenu la pili nitalijibu na maneno yao.

Wengine walisema uwe wa Mama Shiru. Ardhi ni yake, mabomba yanapita kwa kuta zake, kitu kikipasuka anaita fundi siku hiyo hiyo. Ubaya ni kwamba akiamka siku moja akitaka kujenga maduka pale, mtambo unakuwa maduka, na wewe mpangaji utamwambia nini?

Wengine walisema uwe wa wapangaji, tuunde chama. Guka alipenda hiyo, lakini hakujidanganya. "Mpangaji anapiga kura Januari, Machi amehamia Githurai 45," alisema. "Chama cha watu wanaohama ni kama kushika maji kwa vidole."

Halafu kulikuwa na kampuni iliyotaka kuuchukua. Jamaa wao alikuja na shati lililopigwa pasi hadi linakata, akasema wana pampu za akiba, wana mafundi, wana kifaa cha kupima maji kutoka mbali. Na hakuwa akidanganya. Mtu akisema kampuni zote ni wezi, huyo hajawahi kukaa siku tatu na pampu iliyokufa.

Guka alisikiliza wote, kisha akasema mnachanganya maswali mawili. "Ng'ombe anaweza kuwa wa mtu mmoja na akakamuliwa na mwingine. Msiulize tu ni wa nani. Ulizeni nani anakamua, na nani anaruhusiwa kumfukuza anayekamua." Yeye alitaka hivi: matangi yawe ya Mama Shiru, wapangaji wachague mwendeshaji na waweze kumtoa, na kampuni iitwe pampu ikishindwa. Watu wakakubali. Hata Mama Shiru alisema, "Mimi sina shida, bora Mbugua ndiye yuko pale." Ilibaki tu mkutano wa Jumamosi: wageni, Mama Shiru na jamaa wa kampuni, wakague mtambo, tuinue mikono, tuende nyumbani.

Ijumaa hiyo Guka alitoa tope lake la asubuhi, akafunga koki, akaenda Landless kuchukua koti lake zuri. Angelala huko.

"Usiguse kitu," aliniambia. "Sikiliza pampu tu."

Nilitoka shule saa kumi. Pampu ilikuwa sawa. Nikachungulia tangi la pili, nikaona tope chini, zito, la kahawia, na nikafikiria shati la yule jamaa wa kampuni. Nikajiambia, huyu atachungulia hapa aone uchafu aseme mzee ni mchafu. Nilitaka Guka ashinde. Hiyo naapa. Nikafungua koki ya chini nikakaa juu ya ndoo, nikipiga mluzi, mpaka likaacha kutoka tope yakaanza kutoka maji matupu. Nikafunga. Tangi liling'aa mpaka niliona uso wangu, na huo uso ulikuwa unatabasamu.

Jumamosi ni siku ya kufua. Mnajua. Kufikia saa tatu ploti nzima ilikuwa na mikono ndani ya beseni, na sabuni yote hiyo ikaingia kwa tangi ambalo halikuwa na mtu nyumbani. Povu likaanza kupanda. Jeupe. Likafika juu, likamwagika, likatembea uani kama kondoo.

Guka aliingia kwa geti akiwa na koti lake. Alichota kwa chupa ya asali, akaiweka dirishani, akasimama mbele yake bila chai. Hakuna kilichoshuka. Maji yalibaki kama maji ya kuosha mchele. Akaenda kwa koki ya chini, akaigusa, ilikuwa imefungwa. Akageuka.

"Kariuki, kuna mtu aligusa hii koki jana?"

Ndugu zangu, swali lilikuwa jepesi hivyo. Tulikuwa wawili tu. Hakuwa amekasirika.

"Hapana, Guka," nikasema. "Nilisikiliza pampu tu."

Akatingisha kichwa polepole. "Basi ni mimi," akasema. "Niliiacha wazi asubuhi, mtu akapita akanifungia." Akaangalia mikono yake, mbele na nyuma, kama aliyoazima.

Wageni walikuja saa sita. Povu lilimpokea Mama Shiru kwa viatu. Watu wakajaa uani, na yule jamaa wa kampuni, kusema haki, alikuwa na adabu, alivuka lile povu bila kucheka. Guka akavua kofia akasimama mbele ya wote.

"Nilifungua koki ya tope jana nikasahau kufunga. Wadudu wameenda wote. Itachukua wiki kadhaa kuwalea wengine. Makosa ni yangu."

"Ngai! Mbugua," Mama Shiru akasema, kwa sauti ndogo. Aliumia, niliona.

"Mzee, pole sana," jamaa wa kampuni akasema. "Lakini ndiyo sababu tunasema mtambo usitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja."

Hapo nikasimama.

"Si yeye! Ni mimi nilitoa tope. Nilitaka tangi ionekane safi."

Kisha mama wa orofa ya tatu akasema, "Na mamba je, ulimtoa pia?"

Ploti ilipasuka. Walicheka mpaka watoto waliokuwa ngazini wakacheka bila kujua wanacheka nini. Nikapiga kelele, "Haki ya nani, ni mimi!" na hiyo ikawachekesha zaidi. Mathe alinivuta shati. "Karis, keti chini. Mzee wa watu ana shida, wewe unaleta vituko?" Nililia, na jamaa mmoja nyuma akasema, "Cheki, mpaka machozi anajua kutoa."

Guka hakucheka. Alikuja akaniwekea mkono kichwani.

"Asante, mjukuu wangu. Lakini usiseme uongo kwa ajili yangu. Asubuhi nilikuuliza, ukaniambia hukugusa. Unaweza kudanganya ploti yote, lakini mimi hujawahi."

Kisha akawageukia. "Pigeni kura."

Mikono ikainuka. Matangi yakawa ya Mama Shiru, mwendeshaji kampuni. Kabla ya mwezi kuisha Guka akarudi Landless na chupa yake, na mlango wa pampu ukawekwa kufuli.

Niwe mkweli, kwa vile sasa najaribu: mtambo unafanya kazi. Pampu mpya hainyamazi. Krismasi iliyopita watu walienda ushago, wadudu hawakupewa uji, na tuliporudi vyoo vilinuka siku nne mpaka fundi akafika kutoka mjini. Alikuwa mpole, akatengeneza, akaenda. Kwa hivyo mkiniuliza wenu uwe wa nani, nitasema yeyote mwenye uwezo wa kununua pampu. Lakini anayefungua koki awe anaishi mahali ambapo harufu inamfikia. Na kila anayegusa kitu aandike ukutani: nimegusa hiki, siku hii, mimi fulani. Si kwa ajili ya kampuni. Ni ili mtu asije akabeba koki ambayo hakuifungua.

Ilinichukua miezi mingi kwenda Landless. Nilienda likizo ya Agosti. Auntie Njoki, binti yake, alinifungulia akanishika kando mlangoni.

"Karis, karibu. Usimchanganye tu baba, sawa? Siku hizi anasahau."

"Anasahau nini?"

"Alituambia mwenyewe. Si ndiyo maana alitolewa kazi? Sisi tunamchunga. Kibiriti nakaa nacho mimi."

Ndani, ukutani, kulikuwa na vikaratasi, mwandiko wa Guka, herufi zake za kusimama wima. MFEREJI: FUNGA. MLANGO: FUNGA. UMEKUNYWA DAWA? Yeye alikuwa amekaa kwa stuli mikono magotini. Alifurahi kuniona. Akanituma niangalie kama mfereji wa nje umefungwa. Umefungwa. Tukaongea kuhusu shule, akanituma tena. Umefungwa. Mara ya tatu alipofungua mdomo nilijua nikitoka tena nitapitiliza hadi stendi nirudi nyumbani.

"Guka, ile koki hukuiacha wazi."

"Tulimaliza hayo, Kariuki."

"Hatukumaliza. Uliifunga Ijumaa asubuhi. Mimi ndiye niliifungua saa kumi. Nilitoa tope yote."

Aliniangalia usoni kama mtu anayechagua mchele, akitafuta jiwe. Hakulipata. Nilikuwa sina hata moja.

"Ulipoishika," akasema, "ilikuwa imekazwa?"

"Sana. Ilibidi nivue sweta nishikie."

"Mimi hufunga hivyo," akasema. Akarudia, polepole. "Mimi ndiye hufunga hivyo."

Auntie Njoki alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni.

"Na nilipokuuliza asubuhi?"

"Nilikudanganya."

"Mimi."

"Wewe, Guka."

Guka akasimama, akabandua kikaratasi cha mfereji, cha mlango, cha dawa, akazunguka hadi vyote vikaisha, akavikunja pamoja.

"Njoki. Kibiriti."

"Baba, wacha nikuwashie."

"Kibiriti."

Alimpa. Guka akavuta jiko hadi mlangoni, akapanga makaa, akavisukuma vile vikaratasi chini yake, akawasha. Akaweka sufuria, maji, majani, maziwa. Hakukaa. Alisimama juu yake, na chai ilipoanza kupanda aliinua sufuria kabla tone halijamwagika, akaivuta harufu, akaguna.

Akachukua kikombe kimoja, akajimiminia.

Auntie Njoki akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha mgeni.

"Wacha hicho," Guka akasema, bila kuniangalia. "Huyo anarudi Mwihoko."